Masanduku Mawili ya Chama cha Kuzikana: Programu Isome Nini, na Nini Usome Mwenyewe

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Makorora hapa Tanga. Mwaka huu wamenipa ukatibu wa chama chetu cha kuzikana, na pamoja nao nimekabidhiwa masanduku mawili ya bati. Ndani mna mihtasari ya vikao iliyopigwa taipu, kaunta buku kumi na nne za michango zilizoandikwa kwa mkono kuanzia 1958, na bunda la karatasi za Kiswahili cha herufi za Kiarabu, nyingi za mkono wa babu yangu. Nilipiga picha ukurasa mmoja wa kaunta buku nikautia kwenye programu ya simu, yakatoka maneno yasiyoeleweka. Mwanangu anasema siku hizi akili mnemba inasoma kila kitu. Ni kweli? Nianzie wapi?

Jibu: Shikamoo Mwalimu, na pole kwa mzigo. Nimefurahi kwamba masanduku yameangukia kwa mtu anayeuliza kwanza, maana makaratasi ya namna hii nimeona yakiharibiwa na haraka za watu kama yanavyoharibiwa na mchwa.

Mwanao hajakosea sana, ila ameyatia makaratasi yote kapu moja. Mihtasari ya taipu mashine itakusomea, na itasoma vizuri. Kaunta buku itazisoma ikishafundishwa mkono wa aliyeandika, tena si kurasa zote. Karatasi za babu yako zinamtaka mtu, na zinamtaka mapema. Nitaeleza moja moja, lakini nianze na ule ukurasa uliokutolea upupu, kwa sababu ukijua ulivyoharibika utajua pa kuwa na hadhari katika kazi yote.

Programu hizi hazioni neno kama unavyoliona wewe. Zinaona weusi na weupe. Hutafuta kwanza mistari iko wapi, kisha hupita kila mstari zikikisia herufi, na makisio hayo huyapima kwa maneno ya lugha zilizofundishwa. Hapo kwenye lugha ndipo penye mtego. Programu nyingi za simu zinapotoka dukani zimewekwa Kiingereza. Ukizipa daftari la Tanga, jina la Kisambaa linaloanza na She-, mfano Shemdoe, hukatwa vipande viwili kwa sababu mashine inaijua "She" ya Waingereza. Ukiiwekea Kiswahili mambo huwa afadhali sana, ila mtego unahama: mzee Mbwana anageuka "Bwana", kwa kuwa Bwana ndilo neno mashine ililolikuta mara nyingi. Nawe unajua kwamba katika daftari la chama cha kuzikana Mbwana ni mtu, ana mke, ana zamu ya mchango.

Halafu kuna mwandiko wenyewe. Wewe umefundisha watoto kuandika, chukua kalamu uandike "mnunuzi" kwa mwandiko wa kuunganisha, ule wa zamani. Utaona m, n, u, n, u zimekuwa safu ya vijiti kumi na moja, na jicho lako linajua pa kuvikata kwa sababu tu unalijua neno. Kiswahili chetu kimejaa vijiti hivi: mw-, mn-, nu-, wanu-. Programu iliyojengwa kwa herufi za kuchapa ikikutana na safu ya namna hiyo hutoa chochote, na hicho chochote ndicho ulichokiona kwenye simu.

Sasa mihtasari ya taipu. Katika kazi za mashine hii ianze, kwa kuwa itakupa moyo. Programu ninayoitumia kila siku ni Tesseract. Ilianzia kampuni ya Hewlett-Packard mwaka 1985, ikaachiwa watu wote bure mwaka 2005, na toleo lake la nne, la 2018, lilileta njia mpya ya kusoma mstari mzima kwa pamoja badala ya herufi mojamoja. Ina faili la Kiswahili liitwalo swa. Kwa kawaida haliji lenyewe, lazima uombe liwekwe. Kijana yeyote wa steshenari anayejua kompyuta ataliweka kwa dakika chache. Kama hutaki kuweka kitu kwenye kompyuta, pakia picha kwenye Google Drive, kisha uifungue kwa Google Docs: picha itakaa juu na maandishi yatakuja chini yake. Google wenyewe wanataka faili lisizidi megabaiti 2 na ukurasa uwe umesimama wima. Nakala za kaboni, zile za rangi ya buluu iliyofifia, zitakusumbua kuliko za juu. Ukiwa na zote mbili, piga picha ya juu.

Picha ndiyo nusu ya kazi, na watu wengi huipita mbio. Kipimo kinachotakiwa kwa maandishi ya kuchapa ni nukta 300 kwa inchi, na kwa mwandiko mimi hupenda 400. Kwa ukurasa wa A4, nukta 300 ni pikseli 2480 kwa 3508, yaani megapikseli 8 na nusu na kitu. Kwa hiyo simu ya megapikseli 12 inatosha kwa maandishi ya kuchapa, mradi ukurasa ujaze kioo, usipige na meza na sahani ya halua pembeni. Usitumie mwanga wa simu. Kaa karibu na mlango asubuhi, jua likiwa halijaingia ndani, ukurasa ulale bapa, simu iwe juu yake sawasawa. Wino wa upande wa pili ukiwa umepenya, tia karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa unaoupiga. Utashangaa jinsi vivuli vinavyotulia. Kaunta buku zisilazimishwe kufunguka mpaka mgongo ulie. Shikilia upande mmoja umeinuka kidogo, piga upande uliolala, kisha geuza.

Jambo moja dogo linaloharibu kazi za wengi hapa kwetu: picha ikipita WhatsApp kama picha, inabanwa. Kwa macho haionekani, lakini mashine inapoteza mikia ya herufi. Mkitumiana, tumeni kama dokumenti.

Na nakusihi, usipige lamineti karatasi hata moja, wala usibandike selotepu palipochanika. Upepo wetu una chumvi na unyevu, na karatasi iliyofungiwa unyevu ndani ya plastiki inaozea humo humo. Nimepokea cheti cha ndoa cha namna hiyo na hakuna programu wala fundi aliyeweza kukisaidia.

Tuje kwenye kaunta buku. Kabla ya kuzipanga kwa miaka, zipange kwa mikono. Chama cha tangu 1958 kimepita makatibu kadhaa, na kila mmoja ana m yake na k yake. Kwa mashine, kila katibu ni lugha mpya. Kuna programu iitwayo Transkribus, iliyozaliwa katika Chuo Kikuu cha Innsbruck huko Austria na ambayo tangu 2019 inaendeshwa na ushirika wa wanachama, kama chama chenu kilivyo ushirika. Yenyewe unaifundisha. Unapiga picha kurasa za katibu mmoja, unazichapa wewe mwenyewe kwa usahihi, mstari kwa mstari, nayo inajifunza mkono ule. Wenyewe wanapendekeza maneno 5,000 hadi 15,000 ya kufundishia. Ukurasa wa kaunta buku uliojaa una maneno kama 200, kwa hiyo chini kabisa ni kurasa 25 za mkono mmoja. Hulipiwa kwa ukurasa, ingawa kuna kiasi cha bure.

Fanya hesabu kabla ya kuingia. Katibu aliyeandika kurasa 400, kumfundishia mashine kwa kurasa 25 kuna faida kubwa. Katibu aliyekaa mwaka mmoja akaandika kurasa 40, chapa tu zote, umalize.

Watakapokuonyesha matokeo watakwambia mashine imepata asilimia 95 ya herufi, na utaona ni daraja la juu. Kwenye mtihani ndiyo, kwenye daftari hapana. Ukurasa wa maneno 200, tuseme kila neno lina herufi 6, una herufi 1,200. Asilimia 5 yake ni makosa 60. Yakitawanyika ovyo, karibu neno moja katika kila manne litakuwa na doa. Ikifika asilimia 99 makosa ni 12 kwa ukurasa, na hapo ndipo kusahihisha kunakuwa kwepesi kuliko kuchapa upya. Mimi nikiona mashine imekwama chini ya 95 naiacha, nachapa kwa mkono. Kusahihisha upupu kunachosha akili, na mtu aliyechoka hupitisha makosa.

Haya yote nimeyasema kwa kurasa za maelezo: nani amefiwa, maiti imetoka wapi, sanda imenunuliwa na nani, watu wamekubaliana nini. Kurasa za michango zenyewe, zile zenye safu ya jina, safu ya kiasi na safu ya saini, ushauri wangu ni usizipe mashine kabisa. Mashine hupoteza njia kwenye safu. Inasoma majina yote kwanza kisha viasi vyote, au inaruka mstari mmoja uliochanika, na kuanzia hapo kila mtu amelipa mchango wa jirani yake. Zaidi ya hapo kuna namna yetu ya kuandika fedha. Katibu ameandika 15/=, akimaanisha shilingi kumi na tano kamili. Nimeiona ikisomwa 151, mkwaju umekuwa moja na vile vistari viwili vimetupwa. Ameandika 2/50, shilingi mbili na senti hamsini, ikatoka 2150. Jumla ya chini ya ukurasa ndiyo inayokuokoa: chapa ukurasa kwenye jedwali la kompyuta, liambie lijumlishe, linganisha na jumla aliyoandika katibu. Zikitofautiana, rudi kwenye picha. Na ukikuta katibu mwenyewe ndiye aliyekosea kujumlisha, acha kosa lake lilivyo na uweke maelezo pembeni. Kumbuka pia kwamba shilingi za kabla ya Juni 1966 ni za Afrika Mashariki, si za Tanzania. Iandike hiyo mahali, wajukuu watauliza.

Sasa hii akili mnemba ya mwanao. Nazungumzia zile programu unazozungumza nazo kama mtu, unaziwekea picha na kuziomba ziandike kilichomo. Ni kweli zinasoma mwandiko kuliko zile za zamani, wakati mwingine zinasoma mpaka nashangaa. Lakini zina tabia moja ambayo lazima uijue kabla hujazipa daftari la marehemu. Programu ya zamani isipojua, hutoa upupu, na upupu unaonekana. Hizi mpya zisipojua, hukamilisha. Zinatoa sentensi safi, yenye sarufi, ambayo haimo kwenye karatasi.

Mwaka juzi familia moja ya Ngamiani iliniletea barua ya baba yao iliyolowa maji upande wa kulia. Mstari mmoja ulisema "tumepokea salamu zenu na", kisha doa. Programu ikaandika "tumepokea salamu zenu na fedha mlizotuma". Kiswahili fasaha, mtu yeyote angeandika hivyo. Nilikuwa na kazi nyingi siku ile, nikasoma maandishi bila kuweka picha ubavuni, nikawakabidhi. Ndugu wawili wakaanza kuulizana fedha zipi, zilitumwa kwa nani, mbona wengine hawakuambiwa. Nilipoitwa nikaenda na karatasi yenyewe, nikawaonyesha doa kwa kidole. Nilijisikia vibaya sana, na tangu siku ile sitoi kazi ambayo sijaisoma picha kushoto, maandishi kulia, mstari kwa mstari.

Ukizitumia, ziambie wazi ziandike "[haisomeki]" pasiposomeka, zisisahihishe tahajia, zisibadilishe neno la kale kuwa la leo. Zitatii sehemu kubwa, si zote. Nenda nazo ukurasa mmoja mmoja. Na kwa majina, tumia silaha uliyonayo wewe na isiyokuwa na mashine: orodha ya wanachama. Ichape kwanza. Kila jina litakalotoka kwenye mashine na halimo kwenye orodha, lisimamishe ulitazame.

Kabla ya kupakia chochote mtandaoni, pata ruhusa ya kikao. Madaftari haya yana majina ya watu, vifo, madeni. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, lakini hata isingekuwepo, nadhani mwanachama ana haki ya kujua kwamba deni la sanda la mama yake limepelekwa kwenye kompyuta za nchi nyingine. Tesseract hufanya kazi ndani ya kompyuta yako bila intaneti. Zile nyingine nilizotaja hupeleka picha nje.

Nimeziacha karatasi za babu mwisho kwa sababu ndizo zinazonishika moyo. Zamani mwambao wote huu uliandikiana kwa herufi za Kiarabu, barua, hati za mashamba, tenzi. Wajerumani walipofungua shule yao ya serikali hapa Tanga walifundisha herufi za Kirumi, na gazeti la Kiongozi lililochapwa katika shule hiyo lilitoka kwa herufi hizo. Mkono mmoja ukapokea mwingine. Babu yako alibaki na wa kwanza, na sisi wajukuu tunakaa na barua za wazee wetu tusiweze kuzisoma.

Mashine inahangaika hapa kwa sababu za kweli. Kwanza ni nukta. Herufi ب, ت na ث zina mwili mmoja, zinatofautiana kwa nukta, na katikati ya neno ن na ي huingia humo humo. Nukta ikififia, herufi imebadilika. Pili, Kiswahili kilivaa herufi zisizokitosha. Waandishi wengi wa zamani walitumia ب kwa b, kwa p na kwa mb, na alama moja ya irabu kwa e na i, nyingine moja kwa o na u. Kwa hiyo ب mbili zenye irabu a zaweza kusomwa baba, papa, pamba au bamba. Ni maneno ya kabla na baada yanayokwambia ni lipi, na ni mtu anayekijua Kiswahili cha babu yako anayeyasikia. Tatu ni tarakimu. Sifuri ya Kiarabu ni nukta tu. Niliwahi kushika hati ya minazi ambamo idadi ilikuwa ٢٥, ishirini na tano, na pembeni yake kulikuwa na kidoa cheusi. Programu ilisoma 250. Nikakichukua kioo cha kukuzia nikaona kidoa hakina wino, kimekaa juu ya karatasi, ni kinyesi cha nzi. Minazi mia mbili ishirini na tano ingeongezeka katika shamba la watu.

Kuna programu za bure zinazoweza kufundishwa herufi za kulia kwenda kushoto, kama eScriptorium na injini yake Kraken. Lakini kuzifundisha unahitaji kwanza mtu wa kukusomea na kukuchapia kurasa nyingi, na kwa bunda moja, mtu huyo akishapatikana, kazi imekwisha. Kwa hiyo mtafute huyo mtu. Katika madrasa za Tanga bado wapo wazee waliosoma barua za namna hii kwa baba zao. Piga picha bunda zima kwanza. Kisha mwendee mzee nyumbani, si mchana wa jua kali, weka karatasi mbele yake na simu pembeni ikirekodi sauti. Aanze kwa kutaja namba ya karatasi uliyoipa, mfano "karatasi ya saba", kisha asome taratibu, na akisita umwache asite. Kusita kwake ni habari pia. Akisema "hapa yaweza kuwa bibi au pembe", hiyo yote iandikwe.

Nyumbani utacheza sauti na kuchapa. Ukichoka vidole, kibodi ya Google inasikia Kiswahili tangu 2017: rudia maneno ya mzee sentensi kwa sentensi kwa sauti yako, simu iandike, wewe usahihishe.

Kwa hiyo utaratibu wako uwe kinyume cha ulivyofikiri. Wiki hii bunda la babu, picha na sauti. Wiki zijazo mihtasari ya taipu kwa Tesseract. Kaunta buku zianze kwa kuhesabu mikono mingapi imo, uniandikie, nami nitakwambia katibu yupi anastahili kufundishiwa mashine. Kila picha ipe jina linalorudi kwenye karatasi, kama K03-017, kaunta buku ya tatu ukurasa wa kumi na saba, na jina hilo liandike juu ya maandishi yake. Weka nakala mahali pawili, moja isiwe nyumba moja na masanduku.

Na ule ukurasa uliokutolea upupu, usiufute. Upige tena asubuhi karibu na mlango, unitumie kama dokumenti, pamoja na orodha ya wanachama wa mwaka ule kama ipo.